Mmea Uliokataa Kufungua Mlango

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu wa sayansi, wazee wetu na akina mama mnaolima, na ninyi wanafunzi mliokaa huko nyuma: hamjambo. Nimeombwa nizungumze kwa Kiswahili, nami nimefurahi. Hapa Tororo ukianza kwa Dhopadhola, Muiteso anabaki nje. Ukianza kwa Kiteso, wengine nao wanabaki nje. Kiswahili kinatuketisha sote kwenye mkeka mmoja. Tena habari niliyokuja nayo ni ya wenyeji na wageni, ya hodi na karibu, na lugha hii inazijua habari hizo kwa undani.

Kabla sijaingia, mama mmoja alinisimamisha pale mlangoni. Alikuwa amefunga mche wa mtama kwenye gazeti, na mizizini mwake kimeng'ang'ania kiduha, lile gugu linalonyonya nafaka mizizini, na maua yake yale ya zambarau yanayopendeza macho na kuumiza moyo. Akaniuliza: "Mwalimu, huyu amejuaje kwamba nimepanda?"

Nilimwomba asubiri. Mama, jibu lako lipo, na waliolitafuta waliifikia sehemu kubwa ya jibu hilo kwa kuuchunguza urafiki kati ya mizizi na kuvu. Nitalifikia, lakini lazima nipitie kwanza chini ya ardhi.

Tunaishi kando ya vilima vya Sukulu, na mnajua kwamba miamba yake ina fosfeti, yaani ile fosforasi ambayo mmea hauwezi kuishi bila yake. Hata hivyo mahindi yetu mengi hutoka ardhini yakiwa na majani yenye rangi ya zambarau pembeni, dalili ya njaa ya fosforasi hiyohiyo. Kwenye udongo wetu mwekundu, chuma na alumini huishika fosforasi na kuifungia. Hata ile kidogo iliyo huru haisafiri. Maji yanatembea udongoni, naitrojeni inatembea pamoja nayo, fosforasi inakaa palepale. Mzizi ukishanyonya ile iliyo umbali wa milimita moja au mbili, umebaki mbele ya sahani tupu.

Hapo ndipo kuvu inapoingia. Nyuzi zake ni nyembamba kuliko vinyweleo vya mzizi, zinapenya mahali ambapo mzizi haupiti, zinakwenda sentimita kadhaa mbali na kurudi na fosforasi. Kisha zinaingia ndani ya mzizi, ndani ya seli zenyewe, na humo hujigawanya matawi kwa matawi mpaka zinafanana na mti mdogo. Miti hiyo midogo ndiyo meza ya kupokezana: kuvu inaweka fosforasi, mmea unaweka chakula. Na mmea haulipi kidogo. Unaweza kutoa hadi karibu sehemu moja kwa tano ya kile ulichojitengenezea kwa jua.

Neno mikoriza, maana yake "kuvu-mzizi", lilitungwa mwaka 1885 na Mjerumani Albert Bernhard Frank, aliyekuwa anachunguza mizizi ya miti ya misituni. Urafiki wenyewe ni wa kale mno. Kule Rhynie, Uskoti, kuna mimea iliyogeuka jiwe tangu takriban miaka milioni 407 iliyopita, na ndani ya seli zake bado inaonekana ile miti midogo ya kuvu. Wakati huo mimea ilikuwa bado haina mizizi kama tunayoijua. Leo zaidi ya theluthi mbili ya aina za mimea ya nchi kavu ina urafiki huu: mahindi, mtama, wimbi, maharagwe, karanga, muhogo, kahawa, ndizi.

Sasa mkulima anauliza swali la haki: kuvu hizi zinanisaidia kiasi gani, mimi, katika shamba langu?

Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani swali hilo ni rahisi. Nikachukua udongo wa shamba, nusu yake nikaitia kwenye pipa na kuichemsha kwa mvuke ili kuua kuvu, nusu nikaiacha. Nikapanda maharagwe pande zote mbili. Nilitarajia yale ya udongo uliochemshwa yadhoofike. Wiki ya tatu yalikuwa yamenawiri kuliko wenzake! Kisha yakaanza kugeuka njano. Sikuelewa kitu. Niliyarudia msimu mzima, na msimu ukapotea.

Baadaye ndipo nikatambua kosa langu. Mvuke ulikuwa umeua kuvu, lakini pamoja nazo ulikuwa umeua bakteria, minyoo, maadui na marafiki wote, na ulikuwa umefungua virutubisho vilivyokuwa ndani ya viumbe hao. Nilikuwa nimebadilisha mambo mia moja kwa mara moja, halafu nikataka kujua jambo moja lilifanya nini. Ni sawa na kutaka kujua umuhimu wa mpishi kwa kuichoma nyumba nzima.

Njia ya kweli ni kuuacha udongo kama ulivyo, na viumbe vyake vyote, na kubadilisha mmea. Utafute mmea mmoja ambao mlango wake haufunguki. Uupande kando ya ndugu yake wa tumbo moja, anayefanana naye kila kitu isipokuwa mlango huo. Udongo mmoja, mvua moja, jembe moja. Tofauti yoyote utakayoiona kati yao imetoka mlangoni.

Mmea wa namna hiyo tunauita mutanti. Najua neno hili linatisha watu. Wengine husikia "mutanti" wakaona jini. Wengine husema ni mmea kilema, na mimi silipendi jina hilo, kwa sababu mmea huo una kazi ambayo mmea mzima hauwezi kuifanya. Mutanti ni mmea ambao jeni yake imebadilika, basi. Mabadiliko hayo hutokea kila siku bila sisi. Aina nyingi za matooke, ndizi zetu za kupika, tunazojivunia Uganda zilitokana na mabadiliko madogo kwenye machipukizi. Wakulima wa zamani wakayaona, wakayapenda, wakayatunza kwa karne nyingi. Wao hawakuwa na neno mutanti, lakini walikuwa na macho.

Maabara huharakisha tu. Mbegu hulowekwa kwenye kemikali inayobadilisha herufi chache za DNA, au hupigwa mionzi. Halafu hupandwa. Kizazi cha kwanza kwa kawaida hakioneshi kitu, kwa sababu kila jeni huja jozi na ile nzima humfunika mwenzake. Kizazi cha pili, mmoja kati ya wanne hujitokeza. Wanafunzi, hesabu hiyo mnaijua: ni ya Mendel na njegere zake kule Brno, ile mnayoikariri kwa ajili ya mtihani. Msiikariri tu. Ni chombo cha kazi. Kuna watu wameng'oa maelfu ya miche, wakaosha mizizi mmoja mmoja, wakaitazama kwenye hadubini, wakisubiri ule mmoja usio na kuvu ndani.

Na mnadhani wa kwanza walipatikana kwenye mmea gani? Njegere hiyohiyo, pamoja na binamu yake, maharagwe ya fava. Ilikuwa mwaka 1989, mjini Dijon, Ufaransa. Gérard Duc na wenzake walikuwa na njegere mutanti ambazo hazikuota vinundu kwenye mizizi, vile vinundu ambamo bakteria hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Wakajiuliza jambo ambalo huenda wengine wangeliona halina maana: mmea huu uliowakatalia bakteria, kuvu je? Wakatazama. Baadhi yake ilikuwa imezikatalia kuvu pia.

Naomba tusimame hapa kidogo, maana kila nikilifikiria jambo hili nasisimka. Bakteria na kuvu ni viumbe walioachana sana, kama mbu na mbuyu. Huyu analeta naitrojeni, yule fosforasi. Kumbe ukiharibu jeni moja ya mmea, wote wawili wanabaki nje. Mlango mmoja, wageni wawili! Mlango ulijengwa kwanza kwa ajili ya kuvu, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Jamii ya kunde ilipokuja baadaye kuwakaribisha bakteria, haikujenga mwingine, iliwapitisha kwenye mlango wa wazee. Ndiyo maana mpunga na mahindi, ambayo hayana vinundu, yanazo jeni hizo hadi leo. Na ndiyo maana wako wanasayansi wanaotumaini kwamba siku moja nafaka nazo zitaweza kufundishwa kuwapokea bakteria wa naitrojeni. Kazi hiyo ni ndefu, sitawaahidi kitu.

Baada ya njegere ikaja mimea mingine, na kila mutanti ukaonesha sehemu yake ya njia. Mwaka 2002 makundi mawili ya watafiti, yakitumia mimea ya jamii ya kunde, kama Lotus japonicus na jamaa za Medicago, yalifikia jeni ileile: jeni ya protini inayokaa kwenye utando wa seli na kusaidia kupokea habari ya aliye nje. Mnaweza kuiita sikio la mlangoni. Kuvu inapokaribia hutoa vipande vidogo vya kemikali, hiyo ndiyo hodi yake. Hodi ikisikika, ndani ya kiini cha seli kalsiamu huanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kila baada ya dakika moja au mbili, kama ngoma.

Sasa oneni mutanti zinavyotufundisha mpangilio. Kuna mutanti ambazo ukizibishia hodi, kimya, ngoma haipigwi kabisa. Kuna nyingine ngoma inapigwa barabara, lakini hakuna anayeinuka kucheza: mlango haufunguki. Ukiziweka pamoja unajua kwamba jeni ya kwanza inafanya kazi kabla ya ngoma, na ya pili baada yake. Hakuna aliyeingia ndani ya seli kuuliza. Mimea iliyoshindwa ndiyo iliyosimulia njia nzima, kituo kwa kituo.

Ziko pia mutanti zinazofungua mlango lakini mambo yakaharibika mezani. Maria Harrison na wenzake, kule Ithaca, Marekani, walichunguza jeni ya lango ambalo mmea hupokelea fosforasi kutoka kwa kuvu. Mwaka 2007 walionesha kwamba lango hilo likiharibika, kuvu inaingia vizuri na kuanza kujenga miti yake midogo, lakini miti hiyo inakufa mapema. Kuvu haikukosea. Ilileta, ila mmea haukuweza kupokea, na kisichopokelewa ni kama hakikuletwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mmea unaonekana kuishika methali hiyo kwa ukali wake wote: mwenyeji asipopona, mgeni haketi.

Na kuhusu malipo, tulikuwa tumekosea kwa miaka mingi. Mimi mwenyewe nilifundishwa, na nikawafundisha wengine, kwamba mmea huilipa kuvu kwa sukari. Mwaka 2017 makundi kadhaa, yakitumia mutanti ambazo jeni zake za kutengeneza na kusafirisha mafuta zimeharibika, yalionesha kwamba kuvu ilidhoofika ndani ya mizizi hiyo. Kuvu hizi hazina jeni za kawaida za kujitengenezea asidi za mafuta. Sukari hupewa, naam, lakini mafuta nayo lazima yatoke jikoni mwa mmea. Walimu, tafadhali rekebisheni madaftari yenu, kama nilivyorekebisha langu.

Mama wa mtama, sasa zamu yako imefika.

Mwaka 1966 wanakemia walitoa kwenye mizizi ya pamba kitu ambacho tone lake dogo sana linaamsha mbegu ya kiduha. Wakakiita strigoli. Jambo likawashangaza watu kwa karibu miaka arubaini: kwa nini mmea umwite adui yake? Hakuna mwenye nyumba anayesimama uani usiku kuwaita wezi. Mwaka 2005 Kohki Akiyama na wenzake huko Japani wakapata jibu. Kitu cha jamii hiyohiyo, strigolaktoni, ndicho mizizi inachomwaga udongoni kuiita kuvu. Kuvu ikikipata huamka na kutoa matawi mengi kuelekea kwenye mzizi. Mtama wako haukuwa unamwita kiduha, mama. Ulikuwa unasema "karibu" kwa rafiki yake wa zamani, na kiduha, aliyejilaza udongoni kama vumbi, akaisikia sauti. Mbegu yake inaweza kungoja zaidi ya miaka kumi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na kuna la kuongeza ambalo linanisikitisha kila nipitapo mashamba ya huku. Mmea ukikosa fosforasi huita kwa sauti kubwa zaidi, maana unamhitaji rafiki zaidi. Kwa hiyo kwenye shamba lililochoka, ambako mkulima hana mbolea, ndiko kiduha kinaposikia vizuri. Maskini ndiye anayevamiwa. Samadi kwenye shamba hilo si ya kukuza mtama tu, inapunguza pia ule mwito.

Lakini je, hatuwezi kupata mtama unaomwita rafiki kwa lugha ambayo mwizi haielewi? Upo. Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, alitumia miaka mingi kuzalisha mtama unaostahimili kiduha, na mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Mwaka 2017 yeye na wenzake walieleza siri ya baadhi ya mitama hiyo: ni mutanti. Jeni iitwayo LGS1 imepotea au imeharibika, na mzizi, badala ya kutoa aina ya strigolaktoni inayomwamsha sana kiduha, hutoa aina nyingine inayomwamsha kidogo tu. Mutanti hizo hazikutoka maabara. Watafiti walipopekua mitama ya kienyeji ya Afrika waliziona zimeota zaidi sehemu ambazo kiduha kimetesa watu kwa muda mrefu. Ni bibi zetu walioona mche mmoja umesimama katikati ya walioanguka, wakaweka mbegu yake juu ya moto jikoni. Mbegu hizo si dawa ya kila kitu, hilo niseme wazi, na kupoteza jeni kunaweza kuwa na gharama yake mahali ambapo kiduha hakipo. Lakini msitupe mbegu za mtama wa zamani kwa sababu tu masuke yake ni madogo.

Turudi kwenye swali la mkulima: kiasi gani? Mwaka 1998 kundi lililoongozwa na Susan Barker, Australia, lilieleza nyanya mutanti ambayo kuvu nyingi haziwezi kuikalia mizizi. Pamoja na ndugu yake mzima, nyanya hiyo ilipandwa kwenye mashamba halisi, udongo haukuchemshwa, na watu wakaanza kupima. Halafu mwaka 2020 watafiti wa Mexico na wenzao wakachapisha jaribio la mahindi lililonifanya nisimame kitini. Walipanda, katika jimbo la Nayarit, jamaa za mahindi zenye mlango mzima na nyingine zenye jeni moja ya mlango iliyoharibika. Walipovuna na kulinganisha, walikadiria kwamba karibu theluthi moja ya mavuno ilitokana na kuvu. Theluthi! Katika kila debe tatu, moja imeletwa na kiumbe ambacho hatukipandi, hatukinunui, wala hatukisemi kwenye mikutano ya kilimo. Na msaada huo haukuwa sawa kwa kila jamaa ya mahindi: nyingine zilinufaika sana, nyingine kidogo.

Hiyo ni Nayarit. Namba ya Tororo haitoki Nayarit, wala namba ya Kabale au ya Arua. Tunapaswa kuipima wenyewe, kwa mazao yetu. Tuna kituo cha Serere kinachoshughulikia mtama, wimbi na karanga. Tuna Namulonge, tuna Kawanda, tuna Kabanyolo ya Makerere. Ombi langu, na nimekuwa nikilirudia kwa kila anayenisikiliza, ni kwamba tuwe na jozi zetu: wimbi lenye mlango na wimbi lisilo nao, maharagwe na ndugu yake, karanga na ndugu yake. Ukiwa na jozi hizo unaweza kwenda shamba lolote, ukapanda mistari miwili, na mavuno yakakuambia kuvu za shamba hilo zinafanya kazi au zimelala. Sasa hivi duniani kote kunauzwa pakiti za kuvu, za kupaka mbegu au kutia shimoni. Huenda nyingine ni nzuri. Lakini kabla hujatoa shilingi zako, ni haki yako kujua kama udongo wako hauna kuvu za kutosha tayari. Miche ya ndizi inayotoka kwenye chupa za maabara, kwa mfano, imelelewa bila kiumbe chochote. Hiyo ina sababu ya kutambulishwa kwa kuvu kabla ya kwenda shambani. Maharagwe kwenye shamba lililotunzwa ni habari nyingine.

Jambo la mwisho ni la vitendo, na ndilo lililonifanya nije na masanduku haya. Kuna mimea ambayo ni mutanti kwa asili, jamii nzima. Kabeji na sukuma wiki ziliachana na kuvu zamani sana, na jamii hiyo ikapoteza jeni nyingi za mlango. Dodo nayo, mchicha wetu, kwa kawaida haikaribishi. Kwa hiyo hamhitaji kemikali wala mionzi ili kuona mlango uliofungwa. Mnahitaji bustani ya shule.

Na hamhitaji rangi za bei ghali. Mwaka 1998 ilichapishwa njia ya kutumia wino na siki. Mizizi inachemshwa kwanza kwenye potasi kali, yaani potasiamu haidroksidi, mpaka inakuwa angavu. Hatua hiyo ni ya mwalimu peke yake, avae glavu na miwani, maana inachoma ngozi. Kisha inaoshwa, inachemshwa dakika chache kwenye siki iliyotiwa wino kidogo, inaoshwa tena. Mzizi unabaki mweupe, kuvu inakuwa nyeusi au bluu.

Kwenye meza ile kuna hadubini mbili. Chini ya moja kuna mzizi wa maharagwe, chini ya nyingine mzizi wa dodo. Yote nimeing'oa jana jioni, hatua zisizozidi tano kutoka hapa. Sikuandika majina. Wanafunzi watangulie, mwangalie kwa zamu, halafu mtuambie ni ipi iliyofungua mlango. Mama, wewe njoo na mche wako wa mtama, tutaukata mzizi pale karibu na kiduha tuone nani mwingine aliitikia ule mwito.